Kasha Lililopwaya

Mama Saumu, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Msambweni, juu ya kile kiti chako cha cherehani ulichonikataza kukikalia. Nimekikalia. Hakijavunjika bado.

Laptopu yako imekufa. Hewa ya chumvi imeila ndani kwa ndani, ijapokuwa nilikuwa nikiifunika leso kila siku kama ulivyokuwa ukifanya. Fundi mmoja wa Ukunda, dada wa bara aitwaye Nduku, aliifungua akanitolea diski. "Tafuta kasha la nje uitie humo," akasema, "halafu uiunganishe na kompyuta ya binti yako. Kama iko sawa, utaona kila kitu."

Kila kitu, Mama Saumu. Mwanao anaolewa mwezi ujao, na ameniomba kimoja tu: aisikie sauti yako kabla hajatoka nyumbani. Simu yako ilipoangukia kisimani kule Kikoneni, ulisema tusijali, yote umeshayahamishia kwenye laptopu. Kwa hiyo diski hiyo ndiyo wewe pekee tuliyebaki nawe.

Nikaenda dukani mwenyewe, kidume. Makasha yalikuwa ya kila namna: makubwa, madogo, ya bati, ya plastiki. Nikakukumbuka ukiwashonea sare wahudumu wa hoteli za Diani, pini mdomoni, ukinifokea: "Kubwa hupunguzwa, Baba Saumu. Dogo utaliongeza na nini?"

Nikachukua kubwa.

Nilipolichomeka, kimya. Diski ilipwaya humo ndani kama mimi siku zile kwenye ile suruali ya Idi uliyonishonea ukitarajia ninenepe zaidi. Nikaikaza kwa vipande vya leso, kimya vilevile. Saumu akaniangalia, akasema, "Basi, baba, si neno," kwa sauti ile yako ya kusema si neno ilhali ni neno.

Asubuhi nikarudi kwa Nduku. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee, hili ni la diski ya kompyuta ya mezani. Linataka umeme wake wa ukutani, na wewe umelichomekea waya mmoja tu. Na hivi vitambaa? Ulitaka ishike joto iungue?"

"Ndivyo nilivyofundishwa na fundi wangu."

"Fundi gani huyo?"

"Wa nguo."

Akanipa dogo, la plastiki inayoonyesha ndani. La bati lingetoa joto vizuri zaidi, alisema, lakini mimi nilitaka nikuone.

Safari hii taa ikawaka. Tukautafuta uso wako, Mama Saumu, hatukuupata. Siku zote wewe ndiwe uliyekuwa ukipiga picha. Tulichopata ni video moja: mimi, ufukweni Funzi, nimesimama na suruali ileile, nawe nyuma ya simu: "Baba Saumu, vuta tumbo." Kimya kidogo. "Basi, liache. Nimeshalizoea." Halafu unacheka.

Saumu aliirudia mpaka chai yake ikapoa, akilia na kucheka pamoja. Mimi nilikwenda uani kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mola akupanulie kaburi huko ulikolala. Hapo hata mimi nakubali, kubwa lisipunguzwe. Ile suruali nitaivaa siku ya harusi. Sasa yanikaa barabara, ulijua tu. Wakiniita kwenye picha nitavuta tumbo, kisha nitangoja kidogo, uniambie niliache.

Mumeo,
Baba Saumu