Fimbo Imeondoka Zizini

Kaka yangu,

Sisi tupo. Mvua imekata, ila majani ya kulisha bado yanapatikana. Habari kubwa ni ya ng'ombe wetu, yule mwenye doa usoni.

Mwezi uliopita alishuka hadi lita mbili. Shemeji yako akasema anatubania makusudi, akawa anamchapa kila akimkamua, mpaka ngozi ya mgongo ikachanika na damu ikadondokea kwenye ndoo. Nikamwita daktari wa mifugo.

"Bwana, unajiharibia mwenyewe," daktari alimwambia. "Ubongo wa ng'ombe ndio unaotuma ujumbe wa kuachia maziwa. Akiogopa, mwili unauzuia ujumbe huo, maziwa yanabaki ndani. Mpe pumba na maji ya kutosha, na hiyo fimbo itoe zizini."

Kaka, alimsikiliza! Aliitoa siku hiyo hiyo. Sasa anamwimbia ng'ombe, anamkanda kiwele kwa maji ya uvuguvugu, na pumba anapima kwa mkono wake. Tumefika lita nane.

Fimbo ameiegemeza nyuma ya mlango wa chumbani.

Mtoto amekonda. Ananyonya kidogo, hapati kitu, analia. Uniwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuvunja.

Njoo Jumamosi na gari. Mwambie umekuja kumwona ng'ombe, atakufungulia geti mwenyewe kwa furaha. Akimaliza kukuonyesha kiwele, mimi na mtoto tutakuwa tumeshapanda.

Dada yako