Panya wa Daktari Wamenitia Shaka, na Mke Wangu Ndiye Anayelaumiwa

Bibi Mshauri, shikamoo. Nakuletea jambo lililonikaa rohoni kwa sababu hapa Lindi sina wa kumwambia asiyenijua. Mimi ni mtu wa Kikole, Kilwa, lakini nafanya kazi hospitali moja ya pwani hii, kwenye chumba cha mashine ya picha za mifupa, nawaweka wagonjwa sawasawa mbele ya mashine, na akiwa mtoto anayelia au mzee anayetetemeka mimi ndiye ninayemshika asitikisike, na nilianza kazi hiyo kabla sijaoa. Mke wangu nitamwita Mwahija, ingawa si jina lake. Tumeoana miaka mingi sasa na hatujajaliwa mtoto.

Mwaka jana alikuja daktari Mzungu na vizimba vya panya weupe, nami nikapewa kazi ya kuwalisha, na daktari akawa anawaweka kwenye mashine, wengine kidogo, wengine sana, na wengine hakuwagusa kabisa, ili aone mionzi ya mashine inawafanya nini. Waliopigwa mionzi sana, baadhi walinyong'onyea wakafa, wengine manyoya yao yakafifia kama mvi. Kisha akachukua madume waliopigwa, wazima kwa kuwatazama, wanakula na kukimbia, akawaweka pamoja na majike ambao hawakuguswa, na majike wale hawakuzaa, wakati vizimba vya jirani vimejaa watoto wekundu wasio na manyoya, nami nilisimama pale na chakula mkononi nikivitazama vizimba kimoja kimoja.

Nikamwuliza, "Bwana Daktari, majike hawa ni wagonjwa?"

Akasema, "Hapana. Ni dume ambaye hana mbegu."

"Na sisi tunaoshika wagonjwa je?"

Akasema, "Njoo nikupime. Na kuanzia leo usiingie mle bila aproni ya risasi."

Aproni hiyo ya madini ya kuzuia mionzi ipo, nzito kama gunia la mchanga, nasi hatukuwa tukiivaa kwa sababu ya joto. Sasa naivaa. Lakini kupimwa sijaenda, kila akiniuliza nasema kesho.

Nyumbani mama yangu amekuja kukaa nasi, anamchemshia Mwahija mizizi ya kila namna, naye anakunywa mpaka anatapika, na amepelekwa kwa mganga Kilwa Kisiwani akachanjwa chale tumboni. Juzi tukila mama alisema mbele yake, "Mwanangu, shamba likigoma, mtu hufyeka jingine. Nimekwishazungumza na wazee wa yule binti, Kudra." Mwahija akanawa mikono, akasema taratibu, "Mama amesema kweli. Muoe, mume wangu. Labda mimi ndiye niliyefungwa."

Nami, Bibi, niliendelea kula.

Posa itapelekwa baada ya Idi. Nikisema ninaloliogopa, watu watanicheka kuwa si mwanamume, na mama atavunjika moyo, nikinyamaza nitaoa na pengine Mungu atafungua, maana panya ni panya na mtu ni mtu. Nifanye nini?

Mimi, Mlisha Panya, Lindi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Nimemwuliza daktari ninayemwamini. Anasema panya wale walipigwa kwa wingi, wewe umepata kidogo kidogo. Huenda umedhurika, huenda hukudhurika, na wapo wanaopona wakikaa mbali na mionzi. Pengine tatizo liko kwa mkeo, pengine kwenu wote. Yeye hajui, mimi sijui, na wewe hujui kwa kuwa unakimbia kupimwa.

Ila kuna jambo moja unalolijua na Mwahija halijui: kwamba huenda ni wewe. Umemwacha atapike na kuchanjwa kwa ajili ya shaka iliyo kifuani mwako. Woga wako naufahamu, kuchekwa kunauma. Lakini yeye anachekwa tangu zamani, tena na watu wa nyumbani mwake.

Na huyo Kudra amekukosea nini? Asiposhika mimba, mizizi itahamia kwenye kikombe chake, na mama yako atatafuta binti wa tatu.

Sasa sikiliza. Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, kaa na Mwahija peke yenu umweleze yote, ya mashine na ya panya, bila kupunguza. Umwombe radhi. Kisha nenda kwa daktari yule wa panya ukapimwe, naye Mwahija apimwe. Omba uhamishwe chumba kile, na kama haiwezekani, aproni usiivue hata jasho likutiririke. Kwa mama yako nenda na heshima, umwambie, "Mama, dawa zikome na posa isimame, mimi ndiye ninayepimwa." Atalia. Mwache alie, kisha umsikilize.

Majibu yako yakiwa mabaya, Mwahija atakuwa na haki ya kuchagua. Akitaka kubaki, mtapanga maisha yenu wawili. Akitaka kwenda kutafuta watoto kwingine, mpe talaka kwa wema, na mtu yeyote wa Lindi au Kikole asipate kusema aliachwa kwa kuwa hazai. Ukweli kwamba kasoro ni yako utausema wewe, kwa mdomo wako.