Jina Kwenye Fomu ya Kubadili Kombi

Nusaiba mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, mihogo nimeifunika. Ukitoka chumbani, ule, usishinde na njaa kwa kunikasirikia mimi. Wingu likitanda, anua nguo.

~~Baki na PCB yako, sayansi utaizoea.~~ Hapana. Nimekwenda shuleni kwako, kwa mwalimu wa taaluma, kuomba fomu nyingine. Leo ndiyo mwisho wa kubadili kombi ya masomo.

Wallahi asubuhi sikukusudia. Uliponipa fomu nikujazie, pale pa jina la mwanafunzi mkono wangu ukaandika Suleiman. Ukaisoma, ukaichana, ukajifungia chumbani. Kaka yako ana miaka mitatu kaburini, na mimi bado namsomesha fizikia kupitia kwako. Hata koti lake la maabara nilikuvika, mikono ikikumeza.

Nimelitoa pale mlangoni lilipotundikwa, nimelikunja. Kila alfajiri nilikuwa nalisalimia lile kabla yako.

Kasome historia na Kiswahili chako. Safari hii nitajaza mwalimu akinisimamia.

~~Mama Suleiman~~
Mama Nusaiba