Vikono Vitazame Mbele

Jumamosi, 12 Oktoba 2019
Kibali cha kuwinda kiko kwenye friji, chini ya sumaku ya jogoo. Dume moja la elki, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi, mlima wa kaskazini. Nimekiomba tangu Verna mke wangu yu hai, mwaka huu bahati nasibu imeniangukia. Haki yangu! Dume kubwa kuliko yote yaliyowahi kushushwa bonde hili nilishusha mimi. Pembe ziko juu ya mlango wa zizi. Anayebisha aje na futi yake.

Marlys kaja na boksi. Ndani darubini ya bunduki na kiti cha kuishikilia juu ya mtutu. Kiti kina vikono viwili vya chuma ubavuni. Ukivifungua, darubini inatoka nzima nzima. Ukivifunga, inakaa. Binti yangu huyu kazi yake kupigilia farasi viatu, basi anadhani kila kitu duniani ni kwato. Nikamwambia babu yako alilenga kwa chuma tu, kile kinundu cha mdomoni mwa bunduki, na mimi hivyo hivyo. Akasema, sawa Baba, ndiyo maana ya vikono. Mbali, tumia kioo. Msituni karibu, kivue, tumia chuma chako.

Nikanywa kahawa.

Jumapili, 13 Oktoba
Leo nimekifunga kiti mwenyewe. Kwanza vikono upande wa kulia. Nikakoki — vidole vikagonga. Ganda la risasi likaruka, likagonga kikono, kling! Nimevihamisha kushoto. Hilo nimegundua mimi. Marlys alilisema jana lakini sikuwa namsikiliza, kwa hiyo si lake.

Halafu ugomvi. Kila kikono kina skrubu katikati. Unailegeza, unakiinua kikono, unakigeuzia unakotaka. Mimi nataka kikifungwa ncha itazame mbele, kwenye mdomo wa bunduki. Risasi inaenda mbele, kila kitu kiende mbele. Marlys anataka ncha itazame nyuma, kwenye kitako.

"Baba, vitanasa."
"Vinase nini? Mimi nimebeba bunduki kabla mama yako hajajua jina langu."
"Ndiyo, na ilikuwa haina vikono."

Kaondoka na pai yake ya maboga. Nusu yake kaniachia.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimejaribu malishoni nyuma ya zizi. Ubao, hatua mia. Risasi tatu, zote ungezifunika kwa kifuniko cha kopo. Jicho la tai! Nikasema ngoja nifanye kama mlimani. Nikamtandika farasi wangu Klara, bunduki nikaitia kwenye ala ya ngozi ubavuni mwa tandiko, nikapanda hadi uzio wa juu, nikarudi. Nikachomoa, nikapiga.

Nje. Kiganja kizima nje. Nikapiga tena. Nje, upande ule ule.

Nikafumba jicho la kushoto nikautazama mlima. Kama kuna moshi. Nikafumba la kulia — hakuna moshi. Ni vumbi la nyasi kavu, limeingia la kulia. Nimeliosha kwa maji baridi. Marlys hahitaji kujua habari za vumbi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Kahawa kwenye duka la nafaka. Wazee wote wapo. Kesho ni siku ya sahani. Hapa kwetu hakuna anayepanda mlimani kabla hajatia risasi tatu ndani ya sahani ya karatasi kule machimbo ya kokoto, watu wakiona. Ukikosa, unarudia mara moja tu. Ukikosa tena, msimu wote unakaa kambini kupika. Mwaka jana ilikuwa zamu ya Odell Skaar, jirani yangu. Viazi vyake vilikuwa mawe.

Odell kaja na kitu ndani ya mfuko wa karatasi. Aproni! Ina maua.
"Halvor, nimekufulia kabisa. Kwa kiuno chako itazunguka mara mbili."
"Jifunge mwenyewe, bado unanuka vitunguu."
Walicheka. Nilicheka pia. Lakini kibali hiki hakiji mara mbili kwa umri wangu. Kambini kwenye sufuria, na dume langu linatembea juu pale! Hapana.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nilikwenda machimboni na Klara. Wengine wote na pikapu. Wacha waone mtu anavyofika.

Ya kwanza, nje ya sahani. Ya pili, nje. Kushoto, kama Jumatano. Sikupiga ya tatu. Hata Odell alitazama viatu vyake.

Marlys akaja akachukua bunduki mkononi mwangu. Akaitazama ubavuni. Nikadhani sasa atasema habari za daktari wa macho mbele ya bonde zima. Akasema tu,
"Baba, umekuja na farasi?"
"Sasa ningekuja na ng'ombe?"
"Bunduki kwenye ala?"
"Mdomoni haiingii!"
Akaniwekea bunduki mikononi, akaenda zake kumshika Klara kwato. Marudio ni Alhamisi.

Jumanne, 22 Oktoba
Siku tatu sikumpigia Marlys simu. Naye hakupiga. Kichwa kigumu amekichukua kwa mama yake.

Leo nimefunga mlango wa zizi, mimi na Klara tu. Nikatia bunduki kwenye ala, polepole, macho hapo hapo. Ncha ya kikono cha mbele ikagusa ukingo wa ngozi. Nikasukuma. Ngozi ikaingia chini ya ncha, ikainyanyua. Kidogo tu — unene wa kucha. Lakini nikaishika darubini na inacheza kama jino bovu!

Sio jicho, basi. Ni ala! Fundi aliyeishona ala hii hakujua kazi.

Nikachukua bisibisi. Nikalegeza, nikainua, nikageuza. Vyote viwili. Ncha nyuma. Kisha kiti nikakisukuma mbele hadi kigote kwenye ukingo wa reli, kile chuma kinachokibeba, ndipo nikafunga, ili bunduki ikipiga teke kisiwe na pa kwenda. Nikatia ndani, nikachomoa, tena na tena, Klara akanikodolea macho. Havinasi.

Nimevigeuza kwa sababu ya ala. Sio kwa sababu ya mtu.

Alhamisi, 24 Oktoba
TATU! Zote ndani ya sahani! Na nilikwenda na Klara, bunduki kwenye ala, makusudi. Aproni nimemrudishia Odell, nimemfunga mwenyewe fundo nyuma.

Marlys akaja kunipongeza. Jicho lake likaenda ubavuni mwa bunduki.
"Vimegeuka, Baba."
"Baridi. Chuma hujikunja."
"Kweli kabisa," akasema, akanivuta kofia hadi puani.

Sahani imetundikwa dukani na jina langu. Nilipoitazama ukutani kutoka mlangoni, matundu sikuyaona. Nilisogea. Yapo.

Jumamosi, 26 Oktoba
Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya gogo. Theluji ya asubuhi. Dume lipo! Limelala chini yetu katikati ya misonobari, hatua sitini labda. Pembe zinaonekana juu ya mti ulioanguka, mwili hauonekani. Hapigwi mnyama aliyelala hivyo. Tunangoja lisimame. Marlys kalala kifudifudi mbele yangu na kizibao chake cha rangi ya machungwa. Kibali si chake, hawezi kunipigia.

Kioo kilishika theluji. Nikafungua vikono, nikaivua darubini, nikaitia kwapani ipate joto. Msituni, karibu. Mahali pa chuma hasa, nilivyosema siku zote. Nikaiinua bunduki nilenge kisiki.

Chuma cha mbele hakipo. Nimefuta jicho. Hakipo. Kuna moshi tu na kisiki ndani yake. Na leo hakuna vumbi, ni theluji tupu.

Nimeirudisha darubini. Isukume mbele kwanza. Kikono cha mbele, ncha nyuma. Cha pili, ncha nyuma. Kioo kimekauka. Pembe naziona, hadi ncha zake.

Marlys amegeuza uso. Anauliza kwa midomo tu, bila sauti — Baba, chuma au kioo?

Kioo, nimemwambia.

Hakucheka. Amelala tena, amesogea kidogo kulia, kanipisha.

Masikio yametikisika. Linainuka. Matako kwanza, kama ng'ombe