Vioo Vyangu Vimetakata

Awendo, Jumapili, Agosti 1995

Vioo vitatu, na vyote vinang'aa. Mama aliviosha kwa jivu na sabuni nilipokuwa shambani kwenye miwa.

"Vilikuwa vimeshika moshi, wuoda, mwanangu," akaniambia.

Ule haukuwa moshi. Ulikuwa utando wa metali, mwembamba hata unywele ni mnene mbele yake, niliotoka nao maabara ya chuo kule Nairobi. Nilikuwa nipime umeme unaozaliwa ndani yake ncha moja ikipashwa joto. Mashine iliyoutengeneza imeshaharibika. Bila vioo hivyo sina digrii ya pili.

Nilimwambia, "Asante, Mama." Tangu tumzike Baba, boma hili ni langu kwa mila yetu, kwa kuwa mimi ndiye kitindamimba. Nimekuwa nikisema nitarudi chuo Septemba. Watu huitikia tu, hakuna anayeamini.

Kinachoniudhi si Mama. Ni kwamba nilipoviona vile nilishusha pumzi, kama mtu aliyepewa ruhusa ya...

Jioni niliinua kimoja machoni. Kweli kimetakata. Niliona vizuri kaburi la Baba, zizi, na miwa hadi barabarani.