Herufi za Plovdiv

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wariara amekuja na laptop yake mpaka hapa workshop. Wale Wabulgaria wanaotaka kuinunua fonti yake wameipenda. Si ajabu. Fonti yenyewe ni mkono wangu — huyu mtoto wa dada yangu alipiga picha mabango yangu yote ya mjini, duka la Hardeep, kinyozi, kliniki ya macho, akatoa herufi moja moja. Nakuru hii hakuna anayeshika brashi kama mimi. Kuna mheshimiwa aliwahi kusimamisha msafara mzima ashuke kunisalimia, na alitaka mkono wa kulia tu.

Sasa wanataka fonti iwe na herufi za kwao pia. Na si vile Warusi wanaziandika. Wabulgaria wana maumbo yao mbadala. De, yaani d, ya Kirusi ni kama kinyumba chenye miguu miwili. Yao ni kama g yetu, na mkia. Te yao ina miguu mitatu kama m.

"Anko, hii si ni kazi yako," Wariara akasema. "Si ulichora mabango kwao, huko Plovdiv?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza ile hadithi ya rangi kuganda kwa baridi ndani ya kopo, nikawa naipasha kwa pumzi. Akacheka kama kawaida.

Jumatano, 3 Septemba

De mara sitini. Inatoka kama jembe.

Acha niandike, hapa hakuna anayesoma. Sijawahi kufika Bulgaria.

Mwaka wa tisini na sita Njoki, dada yangu, alinisindikiza mpaka airport na sweta aliyonifumia mwenyewe. Nikampungia, nikaingia mlango mmoja. Ajenti aliyeniahidi kazi Bulgaria hakutokea, na pasipoti ilikuwa naye. Nikatokea mlango mwingine. Ningerudi vipi kwetu Subukia, na kanisa zima lilikuwa limeniombea safari? Mwaka mmoja na miezi saba nikakata nyama ya mbuzi Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara kuu. Kutoka hapa Nakuru hata saa moja kwa gari haifiki. Siku moja Njoki akashuka hapo na wanakwaya wenzake, wamekuja kula. Nikajificha nyuma ya magunia ya makaa mpaka gari lao likaondoka.

Halafu nikarudi nyumbani na hadithi za theluji. Walizipenda. Nikaongeza dubu.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo imekubali! Nimeweka kando karatasi aliyonichapishia Wariara, nikashika brashi ya bango, si kalamu. Bango halichorwi kwa kunakili. Unashusha mkono, unauzungusha, mkia unajitokeza wenyewe. De kumi mfululizo, kama mapacha.

Wariara amezituma. Ndipo nikaona maneno aliyoandika chini: maumbo haya yamechorwa na mjomba wangu, fundi aliyefanya kazi Plovdiv.

Nikamwambia atoe hayo maneno.

"Nitoe? Anko, hayo ndiyo wameyaamini. Mimi ni nani? Msichana wa Nakuru na laptop. Wakikosa hayo, kazi wanampa mtu wa kwao."

Nikayaacha. Ni kazi yake ya kwanza ya maana. Wakijua ni uongo, nani atamwamini tena huko?

Jumanne, 9 Septemba

Jibu limekuja. Anayekagua herufi ni mama mmoja anaitwa Desislava. Herufi ve ameirudisha, eti kichwa kimezidi urefu. De ameisifu: hii imeandikwa na mtu aliyeizoea mkononi, si aliyeisoma kitabuni. Siku nyingine ningeyachora maneno hayo ukutani.

Lakini kuna mstari wa mwisho. Baba yake alikuwa mchora mabango Plovdiv, miaka hiyo hiyo. Ana miaka themanini na moja. Anasema alijua kila fundi mjini na anataka kunisalimia. Ijumaa, saa tisa, kwa video.

Sijala tangu nisomewe.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda kwa Hardeep kununua thinner. "Boss, kesho mtumie ofisi yangu, wifi iko na nguvu," akasema. "Na mimi nitakaa hapo hapo. Miaka ishirini nangoja kukusikia ukiongea hicho Kibulgaria."

Neno moja la Kibulgaria nilikuwa nimelitafuta kwa simu. Nilipofika mlangoni lilikuwa limepotea.

Mara tatu leo nimemwendea Wariara nimwambie. Mara ya tatu alikuwa anapiga pasi blauzi ya kesho. Akaniangalia. Nikajikuta namsimulia dubu.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tisa na dakika ishirini. Niko stoo ya Hardeep, nimekalia mkebe wa rangi. Nimewaambia nakuja kuchukua brashi. Brashi ninayo mfukoni.

Mzee na binti yake bado wako hapo ofisini, kwa skrini. Mzee ana mikono kama yangu, kucha zina rangi. Njoki amekuja na nguo ya kanisani, amekaa mbele. Mzee aliinua karatasi yenye de yangu, akaongea sana. Binti yake akaweka kwa Kiingereza, Wariara akanigeuzia: "Anauliza ulikuwa workshop ya nani. Anasema mkono huu hajawahi kuuona pale kwao, na angeukumbuka."

Hardeep aliacha kucheka. Wariara alikuwa bado anatabasamu, anangoja.

Nikitaja jina la kubuni, mzee atajua ni uongo. Nikisema ukweli, ni mbele ya wote, na kazi ya mtoto iko mezani.

Mtu anagonga. Si Wariara, hizo ni hatua za Njoki. Hapigi kelele, ameweka mdomo karibu na mlango.

"Muiruri, toka. Huyo mzee anangoja. Hata Kikopey nilisimama mbele ya yale magunia nikakungoja, ukakataa kutoka."

Ameshika kitasa. Havuti.