Sahihi Yako Sitaiandika Mimi

Mjukuu wangu Mugisha,

Huku Chonyonyo hatujambo. Ninaandika mtoto akinyonya, usicheke mwandiko. Nimekuzidi miaka sita tu, lakini babu yako ni kaka yangu. Bibi ni bibi.

Umeuliza kwa nini nisikuandikie sahihi kwenye hati ya uwakilishi, maana ubalozi uko mbali, na bila hati hiyo wazee watagawana kibanja, lile shamba la migomba la marehemu baba yako.

Nilipomaliza darasa la saba, wazee walikaa hapa kugawa kibanja kingine. Baba yangu mdogo alikuwa ng'ambo kama wewe.

Mzee mmoja akanipa karatasi ya mgawo: "Mwandikie sahihi, binti. Aliye mbali haoni."

Nikaandika. Papo hapo mtu akakohoa migombani, kikohozi cha baba mdogo kabisa. "Karibu!" wakaitikia. Tukaenda kutazama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na udongo haukuwa na unyayo hata mmoja.

Aliporudi mwaka uliofuata, kabla hatujamsimulia, alisema, "Nilipougua homa kule, niliota nimesimama katika migomba yetu. Nautafuta mlango wa nyumba, siuoni."

Sijui maana yake, wala sikutishi. Ila nenda ubalozini, simama mbele ya ofisa, andika jina lako kwa mkono wako, wagonge mhuri. Wazee wamesema watagawa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Hati isipofika, watanikuta nimekaa mpakani, mwanangu mgongoni. Wapime juu yetu.

Kalamu waliyoniletea wazee ili nikuandikie sahihi ya kukubali mgawo, nimempa mtoto aichezee.

Bibi yako,
Koku